Otto Lehmann, mtu aliyetetea kristali zinazotiririka

Ndani ya telefone nyingi zinazouzwa ku soko la Kolwezi muko vitu viwili ambavyo mwenye telefone haoni. Kimoja ni kobalti ya batri. Hiyo, watu wa Kasulo hawahitaji kufundishwa. Tangu 2014 wamechimba ndani ya lupango, chini ya nyumba, hata chini ya chumba cha kulala, juu ya kutafuta heterojenite, lile jiwe nyeusi lenye kobalti. Kingine kiko nyuma ya kioo cha ekra. Ni kitu sawa mafuta, kimetandazwa chembamba kuliko unywele wa kichwa. Kinatiririka sawa maji, lakini ndani yake kimejipanga sawa kristali.

Mtu aliyepigania kitu hiki cha pili, wachimbaji na wauza telefone wengi hawajasikia jina lake. Aliitwa Otto Lehmann, Mjerumani, profesa wa fizike, aliyekufa mwaka wa 1922. Aliona jambo ambalo wakubwa wa sayansi wa wakati wake walisema haliwezi kuwako, na alikaa zaidi ya miaka 30 akilitetea. Maisha yake yako mbali na Lualaba, lakini yanagusa swali ambalo mchimbaji wa Kasulo anakutana nalo kila siku ku depo: kati ya mtu aliyeshika kitu mkononi na mtu mwenye chombo cha kukipima, nani anasema kitu hicho ni nini?

Mtoto wa mwalimu

Otto Lehmann alizaliwa tarehe 13 mwezi wa kwanza 1855 mjini Konstanz, kusini ya Ujerumani, kando ya ziwa. Baba yake, Franz Xaver Lehmann, alikuwa mwalimu wa hesabu. Mzee huyo alipenda sana mikroskopi, na mtoto alikulia karibu na chombo hicho. Toka nyumbani alijifunza mambo mawili yaliyomsaidia mpaka mwisho: kujaribu mwenyewe, na kuandika kila alichoona, siku kwa siku.

Mwaka wa 1872 aliingia universite ya Strasbourg. Huko alisoma chini ya Paul Groth, mmoja wa mabingwa wa elimu ya kristali. Alipomaliza udokta wake, hakupata kiti cha profesa. Alienda kufundisha masomo ya sekondari mjini Mulhouse: fizike, hesabu, na kemia. Strasbourg na Mulhouse leo ni miji ya Ufaransa, lakini wakati ule ilikuwa chini ya Ujerumani.

Kwa hiyo kazi iliyompa jina haikuanzia ndani ya laboratwari kubwa. Aliianza kijana, na aliiendeleza miaka ile alipokuwa mwalimu wa sekondari, mwenye madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Ilikuwa kazi ya kutengeneza chombo.

Mikroskopi yenye moto

Wakati ule, mtu aliyetaka kujifunza kristali aliziacha zikae, zikauke, halafu akaziweka chini ya mikroskopi zikiwa baridi. Aliona mwisho wa habari tu. Lehmann alitaka kuona habari yenyewe: kitu kinapoyeyuka, kinapoanza kuganda, kinapogeuka toka sura moja kwenda nyingine.

Basi, alitengeneza mikroskopi ambayo chini ya kioo cha kuwekea kitu muko moto mdogo wa gazi. Akiongeza moto, kitu kinayeyuka mbele ya macho yake. Akipuliza hewa ya baridi, kinaganda tena. Angeweza kupanda na kushuka na joto mara nyingi, bila kuondoa jicho.

Sehemu ya pili ya chombo ilikuwa vipande viwili vya kuchuja mwanga, kimoja chini ya kitu na kingine juu yake. Kazi yao inaeleweka kwa mfano wa kamba. Watu wawili wanatikisa kamba iliyopita katikati ya fito za lupango. Fito zikisimama wima, kamba inaweza kupanda na kushuka tu, haiwezi kwenda kushoto na kuume. Ukiweka lupango ya pili ambayo fito zake zimelala, kamba inazuiwa kabisa. Mwanga unafanya vile vile. Vipande viwili vikikingamana, mtu anayechungulia anaona giza. Maji ya kawaida yakiwekwa katikati, giza linabaki. Lakini kristali nyingi zikiwekwa katikati, zinaupinda mwanga, na pale penye giza panatokea rangi.

Hiyo ilikuwa alama ambayo wataalamu wote walikubali: kitu cha maji kinabaki giza, kitu chenye mpango wa kristali kinaweza kuangaza. Karibu ya mwaka wa 1876, Lehmann alipasha moto iodidi ya fedha na kuona kwamba juu ya degre 146 inakuwa laini na kutiririka sawa ute, lakini kwa macho yake ilikuwa ingali kristali. Aliandika. Watu wachache walisoma.

Mwaka wa 1883 aliacha masomo ya sekondari na kuenda kufundisha ku shule kubwa ya ufundi ya Aachen. Alikuwa na miaka 28, na mikroskopi yake ilikuwa imeanza kujulikana kati ya watu wa kristali.

Barua toka Prague

Mjini Prague kulikuwa na mtu wa mimea, Friedrich Reinitzer. Alikuwa anachunguza kolesteroli, yaani mafuta fulani ya mwilini, pamoja na kitu cha namna hiyo kinachopatikana ndani ya karoti. Katika kazi hiyo alitengeneza chumvi-mafuta moja inayoitwa kolesterili benzoati. Akaipasha moto juu ya kupima degre ya kuyeyukia, kazi ya kawaida kabisa ya laboratwari.

Lakini haikuyeyuka mara moja. Ku degre 145,5 ikawa maji mazito yenye ukungu, sawa maji ya mhogo. Ku degre 178,5 ukungu ukaondoka ghafula, ikawa maji safi. Alipoiacha ipoe, ikarudi njia ile ile, na njiani ikaonyesha rangi ya bluu na ya zambarau. Kitu kimoja, na degre mbili za kuyeyukia. Vitabu vyote vilifundisha kwamba kitu safi kina degre moja tu.

Reinitzer angeweza kusema kitu chake ni kichafu, akakitupa. Hakufanya hivyo. Alijua pia kwamba macho na vyombo vyake havitoshi. Tarehe 14 mwezi wa tatu 1888 alimwandikia Lehmann barua ndefu, akaeleza yote aliyoona, na akamtumia vipande vya kitu chenyewe.

Lehmann aliweka unga huo chini ya mikroskopi yake ya moto. Ndani ya ule ukungu aliona mwanga ukipita pale ambapo, kwa sheria ya vitabu, palipaswa kuwa giza. Mwanzoni yeye mwenyewe hakuwa na uhakika. Alifikiri labda ni kristali ndogo ndogo zinazoogelea ndani ya maji, sawa mchanga ndani ya matope. Wakaandikiana barua nyingine nyingi katika majuma yaliyofuata. Kidogo kidogo Lehmann alifikia neno lingine: hakuna mchanga, hakuna matope, ni kitu kimoja tu, na hicho kitu kimoja kinatiririka na kina mpango kwa wakati ule ule.

Reinitzer alitangaza kazi yake mwaka huo wa 1888, kisha akarudi ku mimea yake. Mwaka wa 1889 Lehmann alitoa makala yake juu ya kristali zinazotiririka. Mwaka huo huo alipewa kiti cha profesa wa fizike mjini Karlsruhe, kiti ambacho Heinrich Hertz, yule aliyethibitisha mawimbi ambayo leo radio zote zinatumia, alikuwa ametoka kukiacha. Miaka karibu 20 baadaye, Reinitzer aliona inafaa kukumbusha watu hadharani kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona zile degre mbili. Alikuwa na haki. Karoti na unga vilikuwa vyake, na swali lilikuwa lake. Jina lilifuata mikroskopi.

Jina lenye ugomvi

Neno kristali, kwa watu wa wakati ule, lilikuwa na maana ya kitu kigumu, chenye pembe, sawa malakite ile ya kijani ambayo mtoto wa Kolwezi anaweza kuokota njiani. Kusema kristali ya maji ilikuwa sawa kusema moto wa baridi. Wengi walikasirika, na hawakuwa watu wadogo. Gustav Tammann, mmoja wa wataalamu wakubwa wa metali wa Ujerumani, alishikilia kwamba Lehmann anaona mchanganyiko tu: matone madogo ya kitu kimoja ndani ya kingine, sawa mafuta ndani ya maziwa. Kitu kikisafishwa vizuri, alisema, ukungu utaisha.

Hili lilikuwa pingamizi la haki, na lilikuwa na njia ya kujibiwa: kusafisha. Wataalamu wa kemia walisafisha, wakasafisha tena. Ukungu haukuisha, na degre zake zilibaki pale pale. Mjini Halle, Daniel Vorländer na wanafunzi wake walitengeneza vitu vipya vya namna hii, mpaka vikafika mamia. Vorländer ndiye aliyeona siri ya umbo: molekuli za vitu hivi ni ndefu na zimenyoka, sawa fito.

Hapo jambo linakuwa rahisi kueleweka. Miti iliyokatwa ikielea juu ya Lualaba, mkondo ukiwa mzuri, yote inaelekea upande mmoja. Kila mti unateleza pembeni ya mwingine, hakuna uliofungwa, lakini mpango uko. Maji ya kawaida ni sawa miti iliyotawanyika ovyo. Kristali ngumu ni sawa miti iliyopangwa na kufungwa kamba ku depo ya mbao. Kristali ya maji iko katikati. Ukiongeza joto, miti inaanza kuyumba, mpango unavunjika, na ukungu unaondoka. Hiyo ndiyo degre ya pili ya Reinitzer.

Lehmann hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka wa 1904 alitoa kitabu kikubwa juu ya kristali za maji, kimejaa picha alizopiga kupitia mikroskopi yake. Alitembea na chombo chake, akawaonyesha watu kwa macho yao wenyewe. Kampuni ya Merck, mjini Darmstadt, ilianza wakati huo huo kutengeneza na kuuza vitu hivi kwa watu wa laboratwari. Jina lake lilipelekwa mara nyingi mbele ya wale wanaotoa tuzo ya Nobel. Hakuipata hata mara moja.

Sabuni, na vitu vinavyojipanga

Kati ya vitu alivyoviweka chini ya mikroskopi, mojawapo ni ndugu wa sabuni, oleati ya amonia. Kila mama anayefua nguo anashika kitu cha namna hii. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ikitiwa ndani ya maji, mikia inatafutana na kujificha ndani, vichwa vinabaki nje. Hakuna anayezipanga. Zinajipanga zenyewe, safu kwa safu, na chini ya mikroskopi ya Lehmann safu hizo ziliangaza sawa kristali.

Leo inajulikana kwamba ngozi nyembamba inayozunguka kila seli ya mwili wa mtu imejengwa kwa njia hiyo hiyo: molekuli zenye kichwa na mkia, safu mbili mbili, zikiteleza bila kuachana. Lehmann hakuwa na vyombo vya kuliona hilo, lakini alinusa jambo. Aliona vitone vyake vinakua, vinajinyoosha sawa minyoo, vinaungana viwili kuwa kimoja, halafu vinakatika tena. Aliandika na kutoa mafundisho juu ya kristali ambazo kwa macho ni sawa zinaishi.

Hapa alienda mbali, na baadhi ya wataalamu walimcheka. Yeye mwenyewe aliweka neno la tahadhari, kwamba zinaonekana tu sawa zenye uhai. Lakini wasikilizaji wengine waliacha tahadhari hiyo. Mwanasayansi wa wanyama Ernst Haeckel, mwaka wa 1917, aliandika kitabu kizima juu ya roho za kristali. Jambo hilo halikumsaidia Lehmann mbele ya watu wa fizike.

Kifo, na miaka ya kimya

Otto Lehmann alikufa mjini Karlsruhe tarehe 17 mwezi wa sita 1922. Mwaka huo huo Georges Friedel, Mfaransa, alitoa kazi iliyopanga vitu hivi katika makundi matatu ambayo wanafunzi wa fizike wanayasoma mpaka leo. Friedel alikubali kwamba Lehmann aliona kitu cha kweli. Jina lenyewe, kristali za maji, alilikataa na kuleta maneno mengine. Hata hivyo, watu walibaki na jina la Lehmann. Reinitzer alikufa miaka mitano baadaye.

Baadaye jambo lilipoa. Kwa miaka mingi watu wachache walilifuata, kwani hakuna aliyeona faida yake. Ni katika miaka ya 1960, ndani ya kampuni ya Marekani RCA, ndipo watu walianza kupitisha umeme ndani ya kristali za maji juu ya kutengeneza ekra, na mwaka wa 1968 walionyesha mfano wao. Karibu ya 1970, kule Uswisi, Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walipata njia bora ya kuzikunja. Mwaka wa 1973 George Gray na wenzake wa Hull, Uingereza, walitangaza kristali ya maji isiyoharibika, na inayofanya kazi ku joto la kawaida la nyumba. Saa na mashine za hesabu zilifuata, halafu televizio, halafu telefone.

Ekra hiyo ni mikroskopi ya Lehmann iliyolazwa na kufanywa nyembamba: vipande viwili vya kuchuja mwanga, na kristali ya maji katikati. Bila umeme, molekuli zimejikunja sawa ngazi na mwanga unapita. Umeme ukija, zinasimama na mwanga unazuiwa. Kila alama ya ekra ni mlango mdogo wa namna hiyo. Telefone zingine, hasa za bei kubwa, siku hizi zina ekra inayojiangazia yenyewe bila kristali za maji. Lakini za bei nafuu nyingi zingali na ile ya zamani.

Chombo kiko mkononi mwa nani

Ku depo za Kolwezi, mchimbaji anafika na mfuko. Yeye ndiye aliyeshuka shimoni, aliyenusa hewa mbaya, aliyelijua jiwe kwa rangi na kwa uzito. Mnunuzi anachukua chombo chenye sura ya bastola, ambacho wengi wanakiita Metorex hata kama kampuni iliyokitengeneza ni nyingine. Anakielekeza ku jiwe, na namba inatokea. Namba hiyo ni tenere, ndiyo kusema kiasi cha madini kilicho ndani ya jiwe, na tenere ndiyo bei. Kwa miaka mingi wachimbaji wamelalamika kwamba namba inapunguzwa. Wengi wao hawana njia ya kuhakikisha, kwani chombo si chao.

Ndani ya chombo hicho hamuna uchawi. Kinatuma miale ya eks ku jiwe, na kila aina ya madini inajibu kwa miale yake ya pekee, tofauti na ya jirani. Kobalti inajibu kwa namna yake, shaba kwa yake. Jiwe likiwa na maji, au likipimwa upande mmoja tu, namba inabadilika. Mtu aliyefundishwa anaweza kujua haya katika siku chache, na kikundi cha wachimbaji kinachoweza kupima kabla ya kufika ku mnunuzi kinaingia depo na namba yake mkononi.

Mwaka wa 2017 sehemu ya Kasulo ilianza kuzungushiwa ukuta na familia kuhamishwa juu ya madini hayo. Bei haikujadiliwa na wenye shimo hata wakati huo. Karoti za Reinitzer hazikuwa ndogo kuliko mikroskopi ya Lehmann, lakini bila mikroskopi zilikuwa swali tu. Tofauti ni kwamba Reinitzer alichagua mwenyewe nani wa kumtumia kitu chake, akaandika kwanza yote aliyoona na namba zote alizopima, 145,5 na 178,5. Ndiyo maana, miaka 20 baadaye, aliweza kusimama na kudai haki yake, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuwako.